Doki ya Mama Mkwe

Nina tabia moja ambayo mke wangu ameivumilia kwa miaka mingi: sipendi kusema sijui. Mtu akiingia dukani kwangu Kitale na kifaa ambacho sijawahi kukiona, nitakigeuza, nitakipuliza vumbi, nitasema "ahaa", kisha nitamwambia aje kesho. Akishaondoka ndipo naanza kutafuta kitu chenyewe ni nini. Watu huniita Injinia. Sikusomea uinjinia, nilijifunza kompyuta kwa kuzifungua, lakini jina lilinikaa vizuri kama koti la mtumba lisilohitaji kupunguzwa, na sikuwahi kumsahihisha yeyote.

Kwa hiyo chama kimoja cha ushirika cha wakulima kule Bungoma kiliponiita kubadilisha kompyuta za ofisi, nilikwenda kifua mbele. Laptopu zao za zamani zilikuwa nzito, na kila moja ilikaa juu ya doki. Kwa asiyejua, doki ni kile kitako kinachobaki mezani siku zote, kikiwa tayari kimeunganishwa na skrini kubwa, kibodi, kipanya na umeme. Ukiweka laptopu juu yake, vyote vinaamka pamoja. Hizo za zamani zilikuwa na meno. Unaiweka laptopu, unaikandamiza kwa viganja viwili, inalia "ka", umemaliza. Ubaya wake ni kwamba kila aina iliwakubali ndugu zake tu, kama sufuria na kifuniko chake. Ukinunua laptopu mpya, doki ya zamani inabaki kuwa kitu cha kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Doki mpya nilizowapelekea zilikuwa visanduku vidogo vyenye waya mmoja. Waya huo una kichwa kidogo bapa, unakichomeka kwenye tundu lililo ubavuni mwa laptopu, na laptopu karibu zote za siku hizi zina tundu la umbo hilo. Niliwakusanya wafanyakazi wote saba nikawaonyesha. "Hii haichagui," niliwaambia. "Ikiingia tu, imefanya kazi." Nilikuwa nimesimama mkono mmoja mfukoni. Sijui kwa nini nakumbuka huo mkono, lakini nikiukumbuka uso wangu unapata joto hadi leo.

Mmoja wa wale saba alikuwa mama mkwe wangu.

Si yule aliyemzaa mke wangu, ni mdogo wake, lakini kwetu hakuna tofauti. Mama mdogo wa mke wako ni mama mkwe wako. Humpi mkono. Hamketi benchi moja. Kiti chake hukikalii hata akiwa hayupo, na mkikutana kwenye njia nyembamba mmoja wenu anajitoma kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Ipo zawadi ambayo mkwe hupeleka ili haya hiyo ilegezwe kidogo. Kwa mama mzazi wa mke wangu niliipeleka mapema. Kwa huyu mdogo nilikuwa naahirisha mwaka baada ya mwaka, mara karo ya watoto, mara gari limeharibika. Ukweli ni kwamba niliona hakuna haraka.

Yeye ndiye aliyekuwa karani wa kumbukumbu. Ofisi ilikuwa na masanduku ya kadi za wanachama zilizoandikwa kwa mkono na makarani waliokwisha kufa, na kazi yake ilikuwa kuyaingiza majina yote kwenye kompyuta: nani ni mwanachama, nani amefariki, nani ni mrithi wake. Hakuna mwingine aliyeweza kuisoma ile miandiko. Na hata angeweza kuisoma, asingejua kwamba fulani wa kadi hii ni mtoto wa nyumba ya pili ya fulani wa kadi ile. Mama alijua. Alikuwa ameyapitia majina kwa herufi, amezimaliza nyingi, zimebaki N na W. Mtu wa Bungoma akisikia hivyo atacheka, kwa sababu nusu ya majina ya watu wetu huanza na N au W. Alikuwa amebakiza karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya kustaafu, na alikuwa amemwambia mke wangu kwamba hataondoka kabla W haijaisha. Watu wasije wakanyang'anywa cha baba yao kwa sababu kadi ilikosa mtu wa kuisoma.

Lakini macho yake hayakuwa mazima. Alikuwa ameshafanyiwa upasuaji, na bila ile skrini kubwa, yenye herufi alizozikuza mpaka zikawa kama za bango, hakuweza kufanya kazi hata saa moja.

Laptopu mpya nilizoagiza zilikuwa saba, zikafika sita. Ya saba nikaichukua kutoka kwenye rafu ya duka langu. Haikuwa aina moja na zile, ila rangi ni hiyohiyo, unene ni huohuo, na ubavuni lilikuwepo lile tundu. Niliiangalia nikasema itafaa. Halafu, na hili sijawahi kumwambia mtu, nilichagua nani apewe hiyo ya rafuni. Nilimpa mama. Nilijua wengine wangeona tofauti na kuuliza. Yeye hawezi kubishana na mkwe wake.

Kwenye meza za wale wengine niliinama mwenyewe, nikatambaa chini na nyaya, nikatoka na utando wa buibui kichwani. Yake niliiacha ya mwisho. Sweta lake lilikuwa kwenye mgongo wa kiti na mkoba wake chini ya meza, na mimi sikuweza kutia kichwa pale. Nikamwekea vifaa kwenye meza ya jirani, nikarudi mlangoni, nikaanza kumwelekeza kwa mdomo. Chomeka huo. Sasa huu. Sasa ule bapa. Alikuwa akipapasa waya kwa vidole, uso karibu uguse meza.

"Kipanya kinatembea, mkwe," alisema. "Kibodi pia inaandika. Lakini hii skrini kubwa imekataa. Ni nyeusi tu."

"Ipe muda, mama. Inajipanga."

Haikuwa inajipanga. Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa saa tisa na nilitaka kufika Kitale kabla mvua haijanyesha.

Baada ya wiki moja meneja akanipigia simu. Alikuwa kijana, hajamaliza mwaka pale, mtu wa kupenda mambo yaende. Akasema mashine sita ziko sawa, ya mama bado ni giza, na kazi ya kadi imesimama. Nikaenda. Jambo la kwanza ambalo fundi yeyote hufanya mahali kama pale ni kubadilisha vifaa: chukua laptopu ya meza ya pili, uichomeke kwenye doki hii, uone. Dakika mbili tu. Lakini ningelazimika kukaa kwenye meza ya mama, na yeye alikuwa pale, na meneja alikuwa nyuma yangu akisubiri Injinia aseme. Nikabaki mlangoni. Macho yangu yakaiona ile doki ya zamani, yenye meno, bado iko pembeni ya meza yake.

"Mama," nikauliza, "hii mpya uliwahi kuiweka juu ya ile ya zamani?"

Akatazama chini. "Siku ile ya kwanza, mkwe. Asubuhi, ulipotugawia laptopu. Mkono ulishazoea. Nilikandamiza kidogo tu, nikakumbuka si yake, nikatoa."

Nikaligeukia lile jibu kama mtu aliyepewa maji. Nikamwambia meneja, mama akisikia, kila mtu akisikia, kwamba shida imeonekana: laptopu imekandamizwa juu ya doki isiyo yake, na kitu kimevunjika ndani ya tundu. Sasa, tundu liko ubavuni. Meno ya doki ya zamani yako chini. Hata mtoto wa darasa la nne angeuliza inakuwaje kukandamizwa chini kuvunje kitu cha ubavuni. Hakuna aliyeuliza. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, nami jua langu nililipata limekaa kwenye kiti limevaa sweta.

 Mama alifunga laptopu polepole, akaifuta kwa leso.

"Si ni umri, bana," meneja alisema, tena kwa upole. "Hizi vitu mpya zinataka mkono mwepesi. Mama tumpatie kazi ya pale mbele, apumzike."

Wiki hiyohiyo mama akahamishiwa dirisha la mapokezi, kuandika wageni kwenye kitabu. Dawati lake likapewa msichana aliyetoka chuo, na mimi nikaahidi kuleta kipuri. Mke wangu aliposikia mama yake mdogo amehamishwa aliniuliza imekuwaje. Nikamwambia mama aliharibu mashine, nikaongeza kwamba nilimtetea.

Hazikupita wiki mbili. Mwalimu mmoja kutoka Naitiri alikuja dukani na laptopu niliyomuuzia mimi mwenyewe, ndugu kabisa wa ile ya rafuni, pamoja na doki mpya. "Injinia," alisema, "picha haitoki." Laptopu ya mwalimu haikuwahi kukandamizwa na mtu. Ilikuwa bado na ile karatasi ya plastiki juu. Nikaichomeka kwenye doki yangu: kipanya kinatembea, kibodi inaandika, skrini nyeusi. Nikachomeka laptopu ya aina nyingine kabisa: skrini ikawaka. Nikakaa. Nikatafuta maelezo ya mtengenezaji, nikayasoma yote, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla sijaitoa rafuni. Lile tundu umbo lake ni moja, kazi zake si moja. Kuna laptopu ambazo tundu hilo hupitisha kila kitu, na kuna nyingine, hasa za bei nafuu, ambazo tundu hilo hupitisha maandishi na mafaili lakini halipitishi picha. Halijaharibika. Halikuumbwa na uwezo huo.

Nilimwambia mwalimu aniachie. Aliondoka akinishukuru. Nilibaki nimeishika ile laptopu mapajani, na nawaambia nilitokwa na jasho katika baridi ya Kitale ya mwezi wa saba. Namba ya meneja ilikuwa kwenye simu. Ningeweza kupiga pale pale. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: nilikosea, mama hakuvunja kitu, mrudishieni meza yake. Nilifikiria ofisi nyingine tatu za Bungoma zilizokuwa zimeanza kuniulizia. Nilifikiria lile jina la Injinia. Nikajiambia pia kwamba mambo ya mama mkwe hayasemwi kwenye simu, yana taratibu zake. Desturi nilizozikumbuka siku hiyo ni zile tu zilizonifaa.

Nilichofanya ni hiki. Nilinunua laptopu iliyo sawa na zile sita, nikaenda nayo Bungoma kwenye mkoba, nikasema nimeleta kipuri.

Pale mlangoni ilibidi kwanza niandike jina kwenye kitabu cha wageni. Mama alikisukuma mezani kwa mikono miwili mpaka upande wangu, akarudi nyuma hatua moja, kama inavyotakiwa. Niliona alivyokuwa ameandika wale walionitangulia. Mistari ilipanda na kushuka, majina mengine yalikaa juu ya mengine. Huyu ndiye aliyeweza kusoma mwandiko wa marehemu. Kwenye sehemu ya sababu ya kuja nikaandika: kurekebisha kompyuta.

Meza ile sasa ilikuwa ya msichana, kwa hiyo niliweza kuinama, kukaa, kufanya nilivyotaka. Nikabadilisha mashine mgongo wangu ukiwaziba wasione, nikachomeka waya, na skrini kubwa ikawaka. Msichana akapiga makofi. Meneja akaja.

"Umeona sasa?" alimwambia msichana. "Na vile iko kwa mikono safi, haiharibiki tena."

Mlango wa mapokezi ulikuwa wazi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua mdomo nikasema wasiweke chai karibu na kibodi.

Nilipokuwa natoka mama aliniuliza bila kuinua uso, "Imekubali, mkwe?"

"Imekubali, mama."

"Basi Mungu ni mkubwa," alisema, na akaandika saa niliyotoka.

Mle ndani kazi ya kadi haikuendelea. Msichana alijaribu herufi N kwa mwezi mmoja, akachanganya wake wenza wawili wa mzee mmoja wa Malakisi, watoto wakaja kufoka ofisini, na meneja akaamuru masanduku yarudishwe stoo mpaka apatikane mtu. Mtu alikuwa mita kumi kutoka pale, anaandika wageni. Alidumu dirishani miezi mitano. Macho yakamzidi, akaandika barua mwenyewe kuomba aondoke kabla ya wakati.

Walimfanyia karamu ndogo ya kumuaga, mchana, kwenye ukumbi wa chama: chapati, kuku, soda, viti vya plastiki. Mimi na mke wangu tulialikwa. Mama aliketi mbele kwenye kiti kilichofungwa kitambaa cha maua, mimi nikakaa upande mwingine kabisa nikimpa ubavu, kama mkwe. Meneja alizungumza, mwenyekiti wa wakulima akazungumza. Halafu mwendesha shughuli akasema familia ina mkwe hapa, tena ndiye Injinia wetu, asimame atoe neno.

Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli. Nataka niaminiwe hapo, ingawa sina cha kuonyesha. Njia nzima kutoka Kitale, mpaka tunaipita Webuye, nilikuwa nikiyapanga maneno kimoyomoyo. Nilisimama. Nikawaona wote wananitazama kwa zile nyuso za watu walioshiba, wanaotaka kufurahi. Nikasema mama ni nguzo. Nikasema ametufundisha uvumilivu. Nikasema kompyuta zitakuja na kuondoka, lakini mtu kama mama haagizwi dukani. Walicheka, wakapiga makofi, mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele. Nilikaa chini nikiwa nimelowa mgongo wote, na nikasikia sauti yake, taratibu, "Asante, mkwe. Umeongea vizuri."

Jioni ilikuwa bado na mwanga tulipoondoka. Mke wangu alikuwa akichezea mfuko wa chapati tulizofungiwa. Tulipoiacha Kamukuywa akasema, "Mama mdogo amenituma nikushukuru."

"Kwa ile hotuba?"

"Hapana. Kwa kunyamaza."

Nikapunguza mwendo. Akanieleza bila haraka, kama mtu anayetoa habari njema aliyoitunza. Ile wiki ya kwanza, kabla meneja hajanipigia simu, mama aliona skrini imekataa, na saa ya chakula, wenzake wakiwa nje, aliomba laptopu ya jirani yake, akaichomeka kwenye doki yake. Skrini ikawaka. Akarudisha yake, giza. Akarudia mara mbili ili asimsingizie mtu. Kwa hiyo siku ile nilipokuwa mlangoni nikimwambia meneja kwamba ameivunja, alikuwa anajua vizuri kwamba kilicho kibovu ni mashine niliyoileta mimi.

"Sasa kwa nini hakusema?" niliuliza.

"Aseme vipi? Wewe ni mkwe. Akuambie mbele ya watu ati hujui kazi yako? Alisema heri aitwe yeye mzee. Uzee si aibu." Mke wangu akafunga ule mfuko vizuri. "Leo alikuwa anaogopa sana. Alijua ukishagundua utataka kusimama umtetee, na watu waanze kuuliza mbona yeye alinyamaza, na mambo ya nyumba yawe ya ofisi. Aliomba mpaka ukakaa chini. Anasema sasa ameona una heshima. Nimwambie nini?"

Mahindi yalikuwa pande zote mbili za barabara. Niliyatazama. Nilikuwa na nafasi nyingine tena, ya nne au ya tano, na safari hii hakukuwa na meneja, hakukuwa na ukumbi, alikuwa mke wangu peke yake.

"Mwambie nashukuru," nilisema.

Alipiga simu papo hapo, akaiweka kwenye spika ili nisikie. Mama alicheka kwa furaha upande wa pili. Akasema dada yake alibahatika kupata mkwe, na kwamba nisijisumbue tena kuleta ile zawadi, kwa upande wake haya imeshaisha.